Vitufe Visivyo na Majina

Kaka yangu Masanja,

Tangu Jumanne nina jambo la kukuambia. Nilifikiri nitatulia kwanza ndipo nikuandikie, lakini naona nisipoandika leo sitaandika tena.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipoingia kile chumba chetu cha ghorofani, Nyamagana? Nilikuta mtu mmoja mbele ya kompyuta ambayo kioo chake kimezimwa, hedifoni sikio moja, vidole vinakimbia. Nikakuamkia, ukaitikia bila kugeuka. Nikajua una maringo. Kumbe huoni, tangu ugonjwa wa macho ulipokupata ukiwa kidato cha nne. Kompyuta ilikuwa inakusomea kila kilichoandikwa, kwa kasi ambayo mimi niliisikia kama nyuki ndani ya chupa.

"Na unaelewa hiyo?" nikakuuliza.

"Kwani wewe ukisoma gazeti unasoma herufi moja moja?"

Kazi hii ya kuandika programu umenifundisha wewe. Ulikuwa unaweza kula samaki sato kwa mkono mmoja huku unaniambia, "Kabula, mstari wa arobaini, umefungua mabano hukuyafunga," na kweli nakuta sikuyafunga. Tulipoanzisha jukwaa la mtandaoni ambapo waandishi wa programu wa kanda yetu ya ziwa wanaweka miradi yao, wanasahihishana na kuijenga pamoja, wewe ulishika mitambo ya ndani, mimi nikashika sura, yaani kile watu wanachokiona.

Kisha nikaamua kuiboresha hiyo sura. Niliona maneno yamejaa mno, nikayaondoa kwenye vitufe vyote na kuweka vipicha: kalamu ya kuhariri, kapu la kufuta, mshale wa kutuma. Watu walinisifu, kaka. Walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Wewe uliniuliza tu, "Umebadilisha kitu?" Nikakujibu, "Nimesafisha kidogo."

Baada ya hapo kazi zako zikaacha kuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kikao, mbele ya wenzetu wote, nikasema maneno ambayo leo nayasikia vizuri kuliko siku ile: "Kaka Masanja, kama umechoka sema. Kazi hii inataka watu wanaokwenda na wakati."

Ukaondoa hedifoni sikioni. Halafu ukasema, "Sawa, mdogo wangu. Nimekusikia." Ukakunja waya wa hedifoni, ukachukua fimbo yako, ukashuka ngazi. Na mimi nikaendelea na kikao.

Jumanne hii niliitwa Igoma kuwaonyesha walimu wa kompyuta jukwaa letu. Mwalimu mmoja, Bi Tatu, haoni kama wewe. Alifungua ukurasa wangu mzuri, akaongeza sauti ili wote tusikie. Kompyuta ikasema, "Kitufe." Akabonyeza kwenda mbele. "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Dada," akaniambia, "hivi vitu vyako havina majina?"

Wenzake wakacheka, walidhani kompyuta yake ni mbovu. Mimi nikaelewa. Nilikuwa nimeweka vipicha bila kuandika nyuma yake maneno ya kusomwa na sauti. Sikumaliza mafunzo. Nilipanda bodaboda hadi ofisini, nikafungua orodha ya malalamiko ya watumiaji, nikatafuta jina lako.

Uliandika mara tatu kwa barua pepe, zote kabla ya kile kikao. Mara ya kwanza: "Vitufe havisomeki." Mara ya pili ulieleza kila kitu, hadi namna ya kurekebisha, ni kazi ya saa moja tu. Mara ya tatu: "Kabula, naomba nisaidie, siwezi kutuma kazi."

Na kila mara ulijibiwa hivi: "Asante. Tafadhali ambatisha picha ya skrini. Ombi lisilo na picha litafungwa baada ya siku saba." Chini yake jina langu.

Kaka, lile jibu lilikuwa linajituma lenyewe. Nililiandika mara moja nikalisahau, na malalamiko yakawa yanajifunga bila mimi kuyaona. Lakini wewe ungejuaje? Ulijua mimi, Kabula, niliyekaa na wewe meza moja, nimekusoma mara tatu na mara tatu nimekudai picha. Nilikaa sakafuni.

Kesho yake nilikwenda kwenu Magu. Mama yako alinikaribisha, akaniwekea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "aliniambia umemfukuza kwa adabu."

Ndiye aliyenieleza kwamba sasa uko Kahama, unapokea simu kwenye ofisi ya mabasi. Namba yako alikataa kunipa. "Mpaka aseme mwenyewe. Wewe andika, nitamsomea kwa simu."

Bi Tatu amekaa na mimi siku mbili. Alinizimia kioo akaniambia, "Haya, tuma faili." Nilishindwa, nikalia. Sasa kila kitufe kina jina, na bado anagundua makosa mengine na kunigombeza. Lile jibu nimelifuta. Malalamiko yako matatu nimeyafungua upya, yapo wazi kwa kila mtu, na chini ya kila moja nimeandika kwa mkono wangu kwamba ulikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Barua hii pia nimeiweka ukurasa wa kwanza wa jukwaa, walionisifu waisome.

Sikuombi urudi. Ulikuwa bingwa wa kazi hii na mimi nimekuweka mezani kupokea simu. Kwa hilo sijapata neno la kutosha. Nisamehe, ukiweza.

Na wewe mama, shikamoo. Ukimaliza kumsomea, usimuulize atanijibu nini. Kata simu tu, umwache akae na maneno haya.

Mdogo wako,
Kabula