Silikoni ya Bafu la Khavere

Donholm, 9 Machi 1996

Kwa shemeji Okumu,

Pokea salamu, wewe na dada yangu Phelister. Hapa kwa binti yangu Ayuma tunapumua, ila mama yake, Khavere, bado anatembelea mkongojo tangu wampasue nyonga.

Sikuandikii kuomba msaada. Nimejenga nyumba za kanjo, za baraza la jiji, miaka thelathini na moja, hakuna ukuta wangu ulioanguka. Lakini hili bafu la kukalia linavuja pale linapokutana na vigae. Nimeziba na simiti nyeupe mara tatu, inapasuka. Jirani Muasya wa ghorofa ya chini, dari yake imeloa, amesema tusilitumie tena. Sasa Ayuma anamwogesha mama yake kwa karai jikoni, kama mtoto. Khavere siku hizi haongei.

Mwenye duka la hadweya alinipa silikoni ya kuzibia. Kufungua, inanuka siki! Nikamrudishia: hii imeoza, mimi sikuja Nairobi jana.

Wewe ulishika mabomba ya reli. Unasemaje?

Shemeji yako,
Luseno

Ugunja, 24 Machi 1996

Shemeji kichwa ngumu,

Sisi wazima, na Phelister amecheka barua yako mpaka machozi. Haijaoza! Ndiyo harufu yake, inaisha ikikauka. Khavere akikaa, bafu linashuka kidogo, na simiti haijui kucheza. Silikoni inavutika kama mpira. Usichukue ile ya kupakwa rangi juu, hiyo ni ya ukuta mkavu. Omba ile ya bafuni, isiyoshika kuvu; Ayuma akusomee maandishi yake.

Kwangua simiti yako yote, hata ikikuuma. Kausha. Jaza bafu maji lishuke, ndipo uzibe, na uyaache humo mpaka kesho yake.

Mimi shemeji,
Jackton Okumu

Donholm, 2 Aprili 1996

Shemeji,

Afya ipo. Kazi yangu sijawahi kuikwangua tangu nizaliwe. Nimeongeza simiti, safari hii nene.

Luseno

Donholm, 28 Aprili 1996

Shemeji wangu Jackton,

Mungu awaweke, wewe na dada yangu.

Ile nene ilipasuka siku ya pili. Kipande cha dari kikaangukia meza ya Muasya, wanakula. Khavere akasema, "Wacha tu, nimeshazoea karai." Hilo lilinichoma. Nikachukua patasi, nikatoa yote.

Siku ya kuziba, maji yakakatika Donholm nzima. Basi nikakaa ndani ya bafu mimi mwenyewe na nguo zangu, kilo tisini, mzee gani mwingine anazo? Ayuma ndiye aliyeziba kwa silikoni. Mimi, ambaye mwiko wangu hakuna aliyewahi kuushika! Ugali nilikula humo humo, na kulala nililala humo.

Muasya ameangalia dari wiki nzima: kavu.

Juzi Khavere akaingia, akafunga mlango. Nilisimama nje nikingoja aniite nimshike. Hakuita. Nikasikia maji, halafu nikasikia anaimba. Akatoka amejifunga leso, akanikuta pale.

"Na wewe, unangoja nini hapa?"



Asante, shemeji.

Ndugu yako,
Luseno