Mwamba Mweupe wa Saza

Saza, Songwe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Mbebe? Shangazi bado anakuchemshia maji ya kuoga, au unambishia? Mimi ni mzima wa mwili. Kwenye simu nilianza kukueleza habari za Asukile nikashindwa, ndiyo maana naandika.

Najua kaburi la mdogo wangu mmeshalichimba kando ya mama, mnangoja mwili. Baba, mwili hauji.

Duara, ndivyo huku wanavyoliita shimo la dhahabu, lilipomfukia, mwenye duara aliniahidi kwamba vijana wake watachimba shimo la pembeni mpaka wamfikie. Walichimba kweli, nami mpishi wao niliwapelekea uji. Wakakaribia, hadi mmoja akasema anasikia harufu. Hapo sururu ikagonga mwamba mweupe.

Mawe yale unayajua, tulikuwa tunayaokota mtoni. Bibi alitukataza kuyaingiza ndani, akisema yanaita radi. Asukile aliyaficha. Chini ya blanketi aliyasugua mawili pamoja, yakatoa mwanga hafifu na harufu ya kuungua. Lile linalopitisha mwanga alilikwaruzia kioo cha mama, aone kipi kigumu zaidi, na mimi ndiye niliyechapwa. Huku aliniambia jiwe lenyewe si kitu, ila dhahabu hupenda kulala ndani yake. Alisema hata saa yake ya mkononi ina kipande chake kidogo kinachoifanya isipoteze majira. Siku ile alikuwa ameivaa.

Basi walipouona mwamba, waliacha kwenda chini alipo Asukile, wakaufuata ubavuni. Nilimpigia magoti mwenye duara. Hakunifokea. Alisema, "Dada, marehemu hana haraka. Mwamba tukiuacha leo, kesho duara la jirani wameshautoboa."

Nilipozidi kulia akamleta mganga kutoka Galula kwa pikipiki. Mzee yule alishika jiwe lililo wazi kama barafu, akalichungulia, akasema kijana hajakubali kutoka, na akitolewa kwa nguvu dhahabu itakimbia. Nikaomba nami nichungulie. Niliona dole gumba lake tu, limekaa kichwa chini. Nikawaambia hivyo. Wakacheka, na mmoja akasema, "Shemeji, jiwe halimwonyeshi kila mtu."

Tangu hapo hakuna aliyechimba kwa ajili yake. Na mwamba ulikuwa na dhahabu, baba. Huku wanaamini shimo likimla mtu hufunguka likatoa mali, kwa hiyo hawakuficha furaha yao. Walichinja mbuzi, wakaniletea nimpike. Nilimpika. Wakala wakimsifu Asukile kuwa ana mkono wa heri. Kifusi chao sasa wanakimwaga kwenye njia ile ya kumwendea, kwa sababu ni karibu kuliko kukipandisha juu.

Lifukieni kaburi, mvua zisilijaze maji. Wazee wakisema mzike mgomba badala yake, usiwapinge. Mimi siji. Mwenye duara amesema mwamba ukiisha watafukua wamtoe, na mtu wa kumkumbusha ni mimi tu.

Nimeacha kupika. Nakaa na wanawake wanaoponda mawe yale meupe. Ni magumu, yanakula chuma cha nyundo, na vumbi lake linakwaruza koo. Wenzangu hupumzika jua likiwa kali, mimi naendelea, ili yaishe. Wananitania kwamba nataka kuwa tajiri. Jana nilimuuliza mwenye duara mwamba umebaki kiasi gani. Alitabasamu, akasema unazidi kunenepa.

Nisalimie shangazi anayekutunza, mwalimu wa kwaya aliyemfundisha Asukile kuimba, na mjomba wa Tunduma akipita. Msalimie pia yule binti wa jirani, mchumba wa Asukile. Yeye mwambieni asingoje, aolewe.

Ni mimi mwanao niliyebaki,
Tusekile