Nusu ya Kidonge

Mama, wewe uliyelala pale kando ya kahawa yako,

Wiki iliyopita nilipimwa nikaambiwa nina presha. Ndiyo, kama wewe. Nimerithi meno yako, nimerithi sauti yako ya kanisani, sasa na hii. Ungekuwepo ungecheka kwanza, halafu ungeniuliza kama nimekula. Lakini sikuandikii kwa sababu ya ugonjwa. Nakuandikia kwa sababu jana nilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika nyumba yako, na sijui kama ungelikubali.

Unakumbuka gari la kliniki lililokuwa likija kwenye kiwanda cha kahawa, sisi tukiwa wadogo? Mizani ya watoto ilitundikwa kwenye boriti ileile ya mizani ya kahawa. Mlitupaka mafuta mpaka tukang'aa, ungedhani tunapelekwa sokoni. Mama Mwenda, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, alimnywesha Mwenda uji njia nzima ili amzidi mtoto wako kwa uzito. Ukamwambia, "Wacha wizi, Mama Mwenda. Hapo unapima uji, si mtoto." Mlicheka mpaka sista akawafokea. Tulidungwa sindano, tukalia, tukarudi nyumbani tukila ndizi, na hakuna aliyeulizwa pesa.

Nyanya alizika watoto wawili kwa ukambi. Wewe hukuzika hata mmoja wetu. Ulikuwa ukilisema hilo jikoni kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikika akijisifu: "Ile sindano ya serikali, mwari wakwa. Ni ile sindano." Mwari wakwa, binti yangu. Sijazoea mtu mwingine akiniita hivyo kwa Kimeru.

Kisha gari likaacha kuja, na hatukuambiwa kwa nini. Zahanati ikaanza kutoza, watu wakajifunza kungoja. Homa ilingojewa, kikohozi kilingojewa, mpaka mtu abebwe kwa kitanda. Miaka ikapita, serikali za kaunti zikaja, zahanati yetu ikapakwa rangi na kukatiwa utepe, nawe ulikuwa mbele ukipiga vigelegele. Na tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Ndipo walipowapima wewe na Mama Mwenda asubuhi moja, wakawaambia nyote mna presha. Mkawa mnaenda pamoja kuchukua dawa, mmevaa vitenge vya Jumapili.

Halafu dawa zikaanza kuadimika. Sista wa zahanati alikuwa mtu mzuri, lakini hakuwa na la kuwapa. "Zimeisha, shosho. Stoki haijafika. Kuja wiki ingine."

Siku ulipoanguka ukichuma kahawa, nilikuja mbio kutoka Embu. Upande wa kushoto ulikuwa umekataa, na ulimi pia. Daktari aliniuliza kama ulikuwa ukimeza dawa. "Kila siku," nikamjibu kwa fahari. "Huyu hakosi." Akatikisa kichwa, hakuelewa. Wewe ulinitazama tu, Mama, na sikujua ulitaka kusema nini.

Mama Mwenda ndiye aliyeniambia, baada ya kukuzika. "Dawa yangu iliisha, ya mama yako ikawa imebaki. Akakata na kile kisu cha kumenyea nduma. Nusu yake, nusu yangu. Kila asubuhi ananipitishia hapa kwa ua, amefunga na karatasi ya majani ya chai. Nilimwambia wacha, akaniuliza, 'Kwani ningekunyima chumvi?'"

Chumvi na moto havinyimwi jirani. Ulitufundisha hivyo, nawe ulifundishwa na nyanya. Lakini dawa si chumvi, Mama. Nusu haikukutosha wewe, na haikumtosha yeye. Yeye amebaki kwa bahati tu. Nilimchukia. Msimu mzima wa kahawa nilizunguka njia ndefu nisipite kwake. Halafu nikakukasirikia wewe, nikalia kwa kukukasirikia. Siku hizi najua hasira ile ilikuwa imepotea njia. Ninyi wawili mliziba kwa vidole vyenu tundu ambalo wengine walipewa kazi ya kuliziba, na kwa kuwa mliziba bila kelele, hakuna aliyeona kwamba linavuja.

Sasa naishi nyumbani kwako. Zahanati walinipima, wakaniambia dawa hakuna. Habari zikamfikia Mama Mwenda, aliyekuwa bado na vidonge vichache. Jana asubuhi nikasikia naitwa kwenye ua. Mkono wa Mama Mwenda ulikuwa umepita kwenye miiba, umeshika karatasi ya majani. Nilijua kilichomo kabla sijaifungua.

"Chukua, mwari wakwa," akasema. "Mimi nimeishi."

Nililia palepale. Kisha nikamwambia hapana, neno ambalo nyumba yako haijawahi kumwambia jirani.

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Nikamuuliza nusu nyingine iko wapi, akasema ameshaimeza. "Basi meza na hii," nikamwambia. "Meza yote, mama. Halafu uvae kitenge, twende."

Tulikaa kwenye benchi la zahanati. Sista akatoka na maneno yaleyale, tuje wiki ingine. Mama Mwenda akamjibu, "Tutangojea hapa." Wakaja wazee wengine wa presha na wa sukari, wakasikia, nao wakakaa. Benchi likajaa, watu wakaketi kwenye nyasi. Sista akatoa simu, akampigia mkubwa wake. Tulimsikia akisema, "Hapana, hawaendi. Nimewaambia. Wamekaa tu."

Dawa hazikuja, Mama. Sitakudanganya. Leo tunarudi, na kesho pia.

Lakini kuna kitu nataka ukijue. Kati yangu na Mama Mwenda palikuwa na nafasi kwenye lile benchi. Mwanamke mmoja aliyechoka alipotaka kuketi, Mama Mwenda aliweka kiganja chake pale.

"Pole," akamwambia. "Hapa kuna mtu."

Lala, Mama. Nafasi yako tunaishika.

Mimi, mwari waku, binti yako.