Mkanda Si Kanda

Jumatatu, 7 Julai
Nimesafisha vichwa vya mashine ya mwangwi, ile inayorudia sauti ya gitaa langu, kwa spiriti. Pamba imetoka kahawia. Kitanzi cha kanda kinachozunguka ndani yake ni kibovu, hakitengenezeki tena. Jana kilikatika katikati ya wimbo, harusini Busitema. Gitaa langu likabaki kavu, mwangwi hakuna. Wandera, kiongozi wa bendi, akanisema mbele ya watu. "Mama Hawa, hii mashine imezeeka. Jumamosi tuko Masafu. Ikizima tena, wewe na mashine yako mutabaki nyumbani. Mtoto wa dada yangu iko na kinanda."
Kinanda! Miaka yote hii solo napiga mimi. Nimekasirika. Sitoki ng'o.

Jumanne, 8 Julai
Kanda imechoka. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoa vumbi. Ya kaseti haifai, nyembamba, inayumba. Nataka ile pana ya rekoda za zamani, za magurudumu makubwa. Nimempigia Okoth, muuza vyuma chakavu wa Tororo. Nimemwambia anitumie kanda ya mashine, pana, imara. "Iko, mama. Kesho boda inaleta."
Afadhali.

Jumatano, 9 Julai
Mzigo umefika. Mkanda wa mashine ya kusaga! Mpira mweusi, mnene, unanuka unga. Kwa Okoth kanda na mkanda ni kitu kimoja, na mashine ni ya kusaga unga wa posho tu. Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena.
Wandera kashapata habari. Mji huu hauna siri. Ameuliza kama Jumamosi nitapiga solo au nitasaga mahindi. Acheke tu. Meno ni yake.

Alhamisi, 10 Julai
Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nimekwenda Tororo mwenyewe na mkanda wake begani. Okoth ameomba radhi huku anajizuia kucheka. Tumefukua stoo yake pamoja.
Gurudumu la kwanza, kanda inanuka siki. Hiyo inaoza, achana nayo. La pili, vumbi. La tatu, kanda ina mgongo mweusi, vumbi halitoki, ukiivuta inastahimili. Nimeipenda hapo hapo. Okoth kanishangaa: mtu mzima ananusa kanda kama samaki sokoni. Ndiyo, nanusa.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya swala nimekata kitanzi kipya. Wembe mpya. Nimekata mshazari, maana ukikata wima kiungo kinagonga tak, tak, kila kikipita kwenye kichwa. Nimeunganisha upande wa mgongo, kwa utepe wake maalumu. Selotepu ya dukani gundi yake inayeyuka kwa joto, inachafua kila kitu.
Kitanzi kimezunguka mchana kutwa. Hakikukatika. Haya, Wandera.

Jumamosi, 12 Julai
Masafu. Harusi nyingine. Umeme hakuna, jenereta tu, nayo mbovu. Wimbo wa tatu ikaanza kuchoka. Mota ya mashine ikaenda polepole, mwangwi ukachelewa, gitaa na mwangwi wake vikawa vinagombana. Wandera akapitisha kidole shingoni: zima.
Sikuzima.
Nikapunguza mwendo, nikaufuata mwangwi. Besi ikanifuata. Ngoma zikafuata. Mwishowe hata yeye akaimba polepole, macho yamemtoka. Nyanya wa bwana harusi akainuka na kucheza mpaka kiatu kikamtoka, na wazee wote nyuma yake. Lahaula, utamu gani ule!
Kitanzi kizima mpaka mwisho. Kwenye gari Wandera alikaa mbele, mbali nami.

Jumapili, 13 Julai
Wandera amepiga simu. Wiki ijayo Nabuyoga. Nije na gitaa, mashine ibaki. Kitanzi kilishika, hilo amekubali. Lakini bendi ina kiongozi mmoja, amesema, na jana watu walifuata mashine.
Nimemwambia nakuja nayo au siji. Akasema basi. Na mimi nikasema basi.
Imeniuma. Imeniuma sana.
Nimefuta vichwa. Nimekata kitanzi kingine, cha akiba. Halafu nimekaa uani na gitaa, nikapiga peke yangu, mwendo ule ule wa Masafu. Katikati ya wimbo, jirani amezima redio yake.