Barua Ulizomwandikia Dorine

Matogoro,
Songea.
24 Agosti, 1994.

Mpendwa binti yangu Lidwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduru, wewe na mume wako Thadei. Je, kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kwa baridi hii. Mahindi tumekwisha kuvuna, si haba.

Salamu zimetosha. Nina hasira na wewe, na sitaificha.

Unajua kwamba kila mwezi ukiwa mpevu mimi na mjukuu wangu Dorine hutoka tukatembea. Tulianza mwaka juzi, dada yako Pamela alipofia kwako huko, na mvua zikawa zimekata barabara tusiweze kuja kumzika. Mtoto alikuwa na miaka saba. Hakuona jeneza wala kaburi la mama yake. Nilimwambia ukweli siku ile ile, kwa kinywa changu, kwa kuwa miaka thelathini ya ualimu imenifundisha kwamba mtoto ukimdanganya atakuja kujua tu.

Akawa halali. Ndipo nikaanza kumchukua baada ya chakula, mbalamwezi ikiwaka, tunafuata njia ya mashambani mpaka kijitoni, tunarudi. Njiani aliniuliza alilotaka kuhusu mama yake, nami nikamjibu. Taratibu akaanza kulala.

Tangu Pasaka aliacha kuuliza. Nilidhani amepoa. Kumbe alikuwa ameacha kuniamini.

Tarehe 22 mwezi wa saba alivaa lile gauni la buluu la mtumba ulilomtumia, akachana nywele, akaniambia, "Babu, leo tupite njia ya mjini." Nikakubali, nikidhani anataka karanga. Tulipofika stendi hakutaka karanga. Alisimama pale yanaposhushia mabasi ya Tunduru, akagoma kuondoka. Basi lilifika saa mbili kasoro, jekundu kwa vumbi. Alimtazama usoni kila mwanamke aliyeshuka. Walipokwisha, akamwendea kondakta.

"Shikamoo. Mama yangu amebaki ndani?"

Yule kijana wa watu akapanda kweli kuangalia, akashuka, akamwambia hakuna mtu.

Hapo ndipo alipotoa barua. Alisema anazo tatu, na zote alizikuta mifukoni mwa nguo unazotuma. Niliisoma kwenye taa ya duka. "Mwanangu, mimi sijafa. Babu alikwambia hivyo ili usinisubiri. Nitakuja mwezi wa saba, siku mnayotembea. Usimwambie." Na chini umeweka jina la marehemu.

Lidwina, mwandiko ule nilikufundisha mimi, ukiwa darasa la kwanza. Hata kuugeuza hukujaribu.

Dorine akaniuliza, "Babu, anayedanganya ni nani? Ni wewe au mama?"

Nikamweleza upya kwamba mama yake amefariki, na kwamba barua ameziandika mama yake mdogo. Pamela alikufa mara ya pili pale stendi, na safari hii niliyemuua ni mimi, mbele ya wapiga debe. Hilo umenifanyia wewe. Mtoto hakulia. Alitangulia mbele, na njia nzima hakunishika mkono.

Najua ulimwonea huruma. Krismasi ulipokuja alikulilia usiku kucha, na asubuhi ulisema huwezi kuvumilia. Labda hata mwezi wa saba ulikusudia kuja wewe mwenyewe, sijui. Hukuja. Huruma yako umeijenga juu ya uongo, mzigo ukanitwisha mimi, na mtoto ukamfundisha kunificha mambo. Kama nami nilikosa kwa kutompeleka kwenye kaburi mpaka leo, hilo ni langu na nitalijibu.

Jumapili iliyopita mwezi ulikuwa mpevu tena. Nilivaa sweta, nikamwita. Akasema ana kazi ya shule. Baadaye nilimkuta jikoni amekaa na bibi yake, mikono mitupu.

Barua zile nilitaka kuzichoma. Alinizuia. "Babu, usizichome. Aliyeziandika ananipenda." Neno hilo limenizidishia hasira.

Sasa sikiliza. Usiniandikie kujitetea, wala usitume nguo. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 19 Septemba. Panda basi uje, utembee naye wewe, umweleze kwa kinywa chako. Mimi nitabaki nyumbani. Kisha tutakwenda Tunduru sote watatu, utuonyeshe dada yako alipolala. Nimekwisha kumwambia Dorine kwamba utakuja. Usipokuja, safari hii mwongo nitakuwa mimi kweli.

Mama yako amenisihi nipunguze maneno. Nimepunguza. Anakusalimu sana. Msalimie Thadei, na Bi Mwanaisha, jirani yako aliyemwosha marehemu. Wema wake sijausahau. Dorine hakuniagiza salamu, nami siwezi kumtungia.

Mungu akutangulie barabarani, akufikishe salama.

Ni mimi baba yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu,

Hironimus