Nilikuwa Nimeshika Kibendera

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Hayes.

Manyunyu tangu alfajiri, yale ya London yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Zuwena, mke wangu, ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia ni uchovu wa shifti za ghalani.

Siumwi. Naona aibu.

Leo nimekwenda kumtazama Otieno. Kwa wasiomjua, Otieno ni nesi, mtu wa Kisumu, na ni beki wa timu ya Wakenya tunayocheza nayo kila mwaka sisi Wazanzibari, kwenye bustani moja karibu na kwetu. Tunaiita mechi ya kimataifa. Kwa kawaida ni vitambi vinavyokimbizana, kisha watu wanakula pilau. Mwaka huu, wiki chache zilizopita, Otieno alitoka uwanjani amebebwa, goti limekwenda upande.

Mimi siku hizi sichezi, mgongo hauniruhusu. Nilipewa kushika kibendera, yaani kitambaa cha njano cha jikoni kwetu kilichofungwa kwenye fimbo ya mwavuli mbovu. Kisa kilitokea mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia mlio wa goti. Otieno alikuwa ameshautoa mpira. Mguu wa Mbarouk ukaja baada ya hapo, juu, njumu mbele.

Mbarouk ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa Zuwena. Nilipofika nchi hii sina mbele wala nyuma, alinipa chumba kwake miaka miwili, na kazi hii ya ghala ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka. Siku ile refa, Mkongomani mmoja mpole, alikuwa anatazama kwingine. Alinijia mbio akaniuliza nimeona nini.

Nikamwambia, "Sikuona."

Neno moja tu. Mbarouk akasema Otieno aliteleza mwenyewe kwenye majani mabichi. Otieno akasema alipigwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp, la timu zote mbili, wakaanza kumcheka, mmoja akamwita mwongo waziwazi, na hata nahodha wake mwenyewe akamshauri aachane na maneno hayo, maana mshika kibendera alikuwa pale pale na hakuona kitu. Otieno akajitoa kwenye kundi. Mimi nilisoma yote na sikuandika hata herufi moja.

Basi leo nikapanda treni. Nikashuka Edgware Road kwanza, nikanunua baklawa, vile vitafunio vitamu vya Kiarabu, sanduku kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu anayeishi peke yake. Nilijua vizuri kwa nini nanunua kubwa.

Otieno alinifungulia mlango kwa magongo, amefurahi kweli. Alisema katika Wazanzibari wote ni mimi tu niliyekwenda kumwona. Akanilazimisha nikae, akaniamrisha nichemshe chai mwenyewe, akacheka. Goti liko ndani ya vyuma na mikanda. Mpira, daktari amemwambia asahau.

Anashinda nyumbani, kwa hiyo anatazama mechi za zamani kwenye kompyuta. Leo alikuwa na ile ya Chile na Italia, Kombe la Dunia la mwaka sitini na mbili, kule Santiago. Sikuwahi kuiona. Wallahi ule si mpira. Watu wanapigana mateke toka mwanzo, anayetolewa hataki kutoka, polisi wanaingia uwanjani kama soko limevamiwa. Refa alikuwa Mwingereza. Otieno akanieleza kwamba miaka ya baadaye refa huyo huyo, akiendesha gari hapa hapa London, alitazama taa za barabarani akapata wazo la kadi ya njano na nyekundu. Tulicheka. Nilicheka sana, nikidhani nimeponea chupuchupu.

Kisha ikaja ile sehemu. Mchezaji wa Chile yuko chini pembeni ya uwanja na mpira, Mwitalia anampiga mateke pale pale alipo. Mchile anainuka, anamtandika ngumi ya kushoto usoni. Na hatua chache tu kutoka hapo amesimama mshika kibendera.

Otieno akasimamisha picha. Alisema refa alikuwa amegeuka, ndiyo maana yule wa ngumi hakutolewa. Akagusa kioo kwa ncha ya gongo lake.

"Huyu lakini ameona, Baba Salma. Mcheki vile amesimama. Ameona na amenyamaza."

Salma ni binti yangu. Otieno huniita hivyo siku zote, kwa heshima. Nilitazama chini, kwenye kikombe. Nilikuwa na hakika ananisema mimi, na nusu yangu ilifarijika kwamba mwishowe yamefika. Lakini hakuwa ananisema mimi. Alinigeukia na uso mkunjufu, akaniambia ananiona nimenuna na anajua sababu, nisijitese.

"Wewe sikulaumu. Ungeona, ungesema."

Nikasema, "Ndiyo."

Mdomo umejaa baklawa niliyoinunua mwenyewe, nikasema ndiyo. Ile ya uwanjani naweza kudai nilishtukizwa. Hii ya leo nilikuwa nimeketi, nina chai mkononi, na mtu ameniamini. Nilijichukia. Niliosha vikombe, nikamuaga, nikapanda basi, na kila taa nyekundu ilinisimamisha nikae na nafsi yangu.

Nyumbani nimemkuta Zuwena anafuta meza kwa kile kitambaa cha njano. Alishakifungua kutoka kwenye fimbo, akakifua, kimerudi kazini. Nikamwambia pale pale, koti sijavua.

"Niliona."

Hakuuliza nini. Aliendelea kufuta mpaka mwisho wa meza, mahali palipokuwa safi tayari. Halafu akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu sikula pilau. Na Mbarouk ni kaka yake, tumbo moja, kwa hiyo nikadhani atanambia ninyamaze.

"Mimi hukuniambia kwamba hukuona," akasema. "Nenda kawaambie wale uliowaambia."

Amekwenda chumbani. Simu iko mezani. Otieno kwanza, kisha Mbarouk, ambaye huenda asinivushe tena kizingiti chake, kisha lile kundi.

Naogopa. Naandika kwa sababu naogopa, na kwa sababu najijua, naweza kuandika vizuri nikajiona nimeshatubu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: ukurasa huu hautoki hapa mpaka Otieno awe ameyasikia yote kwa sauti yangu.