Gauni Lisilo na Kosa

Shoga, nimeumbuka leo, masikio bado yananiwaka!

Si nimerudi kwa yule mama fundi cherehani, mara ya nne, nikamwambia gauni linanibana kiunoni.

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, wiki iliyopita ulisema linapwaya. Gauni halina kosa. Unatafuta mtu wa kuongea naye?"

Mbele ya wateja! MBELE YA WATEJA, shoga!

Nikataka kubisha, machozi yakanitangulia. Tangu uhame, nyumbani naongea na redio tu.

Akanisogezea kiti. "Kaa hapa. Kesho usilete gauni, jilete mwenyewe."

Nimeshinda pale nikishona vifungo. Vitatu kavifumua, eti nimeshona kama nafunga gunia. Tumecheka mpaka mbavu zinauma!

Kesho saa tatu naripoti kazini. Haya, nicheke sasa.